Mazishi ya baharini: mwongozo kamili, toka kwenye wosia mpaka mnarudi nchi kavu

Ukiuliza watu watatu "hivi inawezekana kumzika mtu baharini?" utapata majibu matatu yanayopingana, mmoja atakwambia ni marufuku, mwingine atasema mbona rahisi mnakodi boti mnaenda, wa tatu atasema hiyo ni ya wanajeshi tu. Na wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja anaongelea kitu chake. Kuna kuzika mwili mzima, na kuna kumwaga au kuzamisha majivu baada ya mwili kuchomwa. Ni kazi mbili tofauti kabisa: sheria zake tofauti, gharama tofauti, hata watu mnaowahitaji ni tofauti. Nimeona familia zinahangaika wiki nzima kwa sababu tu hakuna aliyeuliza hilo swali mapema, kwa hiyo tunaanzia hapo.

Hatua ya 1: Mwili mzima au majivu?

Msimamo wangu nausema wazi kabisa, kama marehemu hakuacha neno kwamba anataka mwili wake uende mzima, na dini yenu haikatazi kuchoma, chukueni majivu. Siyo kwamba mwili mzima ni vibaya, hapana, ni mazishi yenye heshima kubwa na historia ndefu. Ila yanataka kibali (au masharti makali), jeneza la kutengeneza maalum au sanda yenye uzito, chombo kikubwa chenye sehemu ya kushushia, bahari yenye kina, na hali ya hewa iwe upande wenu, vyote hivyo ndani ya siku chache wakati mwili uko mochwari. Majivu yanasubiri. Mnaweza kukaa nayo miezi sita mpaka ndugu wa mbali wafike na bahari itulie, hakuna kinachoharibika. Kwa mtu aliyefiwa huo muda ni kitu kikubwa sana.

Kuhusu mazingira, ukweli ni kwamba hakuna njia isiyogharimu chochote. Mazishi ya bahari hayachukui ardhi wala hayataki saruji, lakini kuchoma mwili kunakula mafuta au gesi nyingi na boti nayo inakunywa dizeli kwenda na kurudi. Kama sababu yenu ni mazingira tu, linganisheni kwanza. Kama sababu ni kwamba mtu alipenda bahari, basi hiyo inatosha, haihitaji kuongezewa nyingine.

Hatua ya 2: Maneno ya marehemu, familia na dini

Kama unajipangia wewe mwenyewe ukiwa hai, andika. Usiishie kusema sebuleni. Andika: mwili au majivu, eneo gani la bahari, nani asimamie, na kama hali ya hewa ikigoma wafanye nini. Af mpe nakala mtu atakayekuwepo siku ile ile ya kifo, maana wosia mara nyingi unafunguliwa baada ya mazishi kwisha na hapo maneno yako yanakuwa hayana kazi tena.

Kwa familia, hapa ndo penye uzito wenyewe. Kaburi la nchi kavu mtu akikosa mazishi anaweza kwenda mwaka unaofuata akapiga goti pale. Baharini hakuna pale. Mama, mjane, mtoto mkubwa, hawa waulizwe mmoja mmoja na waachwe wajibu bila haraka, usichukue ukimya wa mtu kwamba ameridhia. Kama kuna anayelia kwamba hatakuwa na pa kwenda, msimshinde kwa hoja, mtafutieni suluhisho, na yapo, nitayataja hatua ya mwisho.

Dini nayo isije ikawa ndo mnaikumbuka mko kwenye gati. Kwa Waislamu kuchoma maiti hairuhusiwi na asili ni kuzikwa ardhini, baharini ni kwa dharura tu, yaani mtu amefia safarini, nchi kavu ni mbali na inahofiwa mwili utaharibika. Hapo anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa, kisha ndo anashushwa, na kufungiwa uzito kunaruhusiwa. Kwa hiyo Muislamu aliyefia nyumbani hii siyo njia mbadala ya kuchagua, hata kama alikuwa mvuvi maisha yake yote.

Wakatoliki, kuzika mwili baharini Kanisa linakubali, kuchoma mwili pia kunakubalika, ila kumwaga majivu hapana, maelekezo ya Vatikani ya mwaka 2016 yamekataza kutawanya majivu hewani, ardhini au baharini, na pia kuyagawa kwa ndugu. Njia ambayo mapadri wanaielekeza ni kuzamisha majivu yakiwa ndani ya chombo kizito kilichofungwa, kinashuka kizima. Waanglikana wana sala yao ya mazishi ya baharini toka kitabu cha sala cha 1662. Wahindu wanapeleka majivu kwenye maji tangu zamani, mtoni au baharini. Wayahudi wanaofuata desturi na Waorthodoksi wengi wanashikilia ardhi. Muulizeni kiongozi wenu wa dini swali lililo wazi, "tunamwaga" au "tunazamisha", maana jibu linaweza kubadilika kwa neno hilo moja.

Hatua ya 3: Sheria ya mahali mlipo

Nitatoa mifano ya nchi chache muone jinsi zinavyotofautiana, af nyie mtauliza ya kwenu.

Marekani mko chini ya kibali cha jumla cha shirika la mazingira la EPA, yaani hamuombi kabla, ila mnafuata masharti na mnatoa taarifa ndani ya siku 30 baada ya mazishi. Iwe mwili au majivu lazima muwe angalau maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, kama kilomita 5.5. Mwili mzima unataka kina kisichopungua futi 600, karibu mita 183, na kuna maeneo kama sehemu za Florida na mdomo wa mto Mississippi ambako kina kinapanda mpaka futi 1,800, karibu mita 549. Maua ya plastiki hayaruhusiwi. Na majivu ya mbwa au paka hayaingii kwenye kibali hicho, hata yakichanganywa na ya mwenye mbwa.

England mambo ni mengine. Majivu hayahitaji leseni. Mwili mzima unahitaji leseni ya Marine Management Organisation (mamlaka ya serikali inayosimamia shughuli za baharini), na maeneo yaliyotengwa ni matatu tu: karibu na Newhaven, karibu na The Needles kule Isle of Wight, na Tynemouth. Mnaweza kupendekeza sehemu nyingine ila mnatakiwa mthibitishe kwamba mikondo haitaurudisha mwili na wavuvi hawatauvua. Pia lazima afisa anayechunguza vifo apewe taarifa kwamba mwili unatolewa nje ya nchi, kwa sababu kwa karatasi baharini ni nje.

Ujerumani mwili mzima sahau, ni majivu ndani ya chombo kinachoyeyuka majini, na meli inakwenda nje ya ukanda wa maili tatu, sehemu ambayo chini kuna mawe mawe, siyo mchanga laini, ili nyavu za kukokota zisikipandishe. Hong Kong serikali yenyewe imetenga maeneo na inatoa feri ya bure kwa familia za kumwaga majivu. Singapore kuna eneo kama kilomita 2.8 kusini ya kisiwa cha Semakau. Australia majivu hayahitaji kibali lakini mwili mzima unahitaji, na mara nyingi wanapewa watu waliokuwa na uhusiano wa kweli na bahari, wanamaji wa miaka mingi, wavuvi.

Kwenu kama hamjui pa kuanzia, ulizeni ofisi tatu: mamlaka ya bandari au usafiri wa majini, ofisi ya mazingira, na ofisi inayotoa vyeti vya kifo. Ulizeni kwa maandishi na mtunze jibu. "Nahodha amesema hamna shida" siyo kibali.

Karatasi za kubeba karibu kila sehemu ni cheti cha kifo, cheti cha kuchoma mwili (kama ni majivu), kibali chenyewe kama kinahitajika, na kitambulisho cha anayesimamia. Mkisafiri na majivu kwa ndege, yawekwe kwenye chombo ambacho mashine ya ukaguzi inaona ndani, cha mbao nyepesi au plastiki, kile cha chuma kizito mtakwama nacho getini na maafisa wengi hawatakifungua hata mkiwaomba. Hiki kizuri cha kuzamishia mbebeni kikiwa tupu.

Hatua ya 4: Kuandaa majivu

Majivu ya mtu mzima ni kama kilo 2 mpaka 3, mengi kuliko watu wanavyotegemea, na siyo laini kama ya kuni, ni mifupa iliyosagwa, yana vichembe kama mchanga wa chenga. Muombeni anayechoma ayasage vizuri, Japani wanasaga mpaka vipande visizidi milimita 2. Kama marehemu alikuwa na kifaa cha kusaidia moyo, semeni kabla hajachomwa, betri yake inalipuka ndani ya tanuru.

Kisha chagueni, kumwaga au kuzamisha. Mkimwaga, sehemu inazama hapo hapo na sehemu inabaki kama wingu jeupe majini kwa muda kidogo, ni kitu cha kuona na wengine ndo wanachokitaka. Mkizamisha, mnatumia chombo cha chumvi, cha karatasi nzito, cha udongo usiochomwa au cha mchanga ulioshikanishwa na jelatini, kinashuka na kuyeyuka chini. Cha karatasi kinaelea dakika chache kwanza, mjue ili msipate presha. Msitumie chombo cha plastiki, na hata cha mbao iliyopakwa vanishi kitaelea mpaka kifike ufukweni kwa watu msiowajua.

Mimi binafsi nashauri kuzamisha kama kuna upepo, watoto au wazee. Ni kitendo kimoja, kinaisha kwa utulivu.

Hatua ya 5: Kuandaa mwili mzima

Hapa msijifunzie kazi, tafuteni kampuni ya mazishi iliyowahi kufanya. Ila mjue mambo yenyewe ili muweze kuuliza maswali yenye maana.

Adui mkubwa ni kuelea. Mwili ukianza kuoza unajaa gesi, na jeneza lililofungwa vizuri ni kama pipa, hewa iliyomo ndani inalisukuma juu. Ndo maana jeneza la baharini linatobolewa. England wanataka jeneza imara la mbao laini lisilo na plastiki, madini ya risasi, shaba wala zinki, lenye matundu 40 mpaka 50 ya milimita 50 kila moja ili maji yaingie haraka na hewa itoke. Chini yake kunafungwa uzito wa kama kilo 200 za chuma au zege, na kona zinakazwa kwa vyuma ili lisipasuke likigonga chini. Marekani wakitumia jeneza la chuma wanashauriwa matundu yasiyopungua 20 ya inchi 2, uzito wa jumla usipungue pauni 300, karibu kilo 136, na mikanda imara kuzunguka jeneza ili kifuniko kisifunguke. Plastiki yote inatolewa kwanza, godoro dogo, mto, bitana.

Jeneza siyo lazima kila mahali. Sanda ya kitambaa cha asili au turubai la tanga la pamba, na mnyororo wa chuma ukiwa umefungiwa ndani, inafanya kazi na kwa macho yangu inapendeza zaidi. Uzito usiwe wote upande mmoja, weka zaidi miguuni ili mwili utangulie miguu.

Mwili usipigwe dawa ya kuhifadhi. Fomalini ni sumu kwa viumbe vya baharini na England hawatakupa leseni mwili ukiwa umepigwa. Maana yake ni barafu ya mochwari na mwendo wa haraka. Nguo ziwe nyepesi, zinazooza. England pia mwili unafungwa kitambulisho cha kudumu chenye namba ya simu ya kampuni ya mazishi, na naona hata nchi isiyodai hivyo mfanye, kwa sababu imewahi kutokea mwili ukanaswa na nyavu au ukarudi ufukweni, na bila utambulisho polisi wanaanza uchunguzi wa mauaji na familia inafiwa mara ya pili.

Hatua ya 6: Boti na nahodha

Boti ya uvuvi au ya utalii inatosha kwa majivu ya watu wachache. Kwa mwili mnahitaji chombo chenye sehemu ya wazi nyuma au ubavuni, winchi au ubao wa kutelezeshea, na wafanyakazi wanaojua kushusha mzigo wa zaidi ya kilo 200 bila kuuangusha. Nahodha muulizeni haya: ana leseni na bima ya kubeba abiria? Ana majaketi ya kuokolea ya watoto? Ameshafanya mazishi? Atatupa majira ya GPS (namba za mahali penyewe baharini) kwa maandishi? Na kubwa kuliko yote, hali ya hewa ikichafuka tunaahirisha bila kulipa upya au vipi? Hilo la mwisho liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu kuahirishwa siyo bahati mbaya, ni kitu cha kawaida kabisa. Ndugu wanaotoka mbali wakate tiketi zenye siku mbili tatu za ziada.

Kama hela ni ngumu ulizeni safari ya pamoja, familia kadhaa boti moja kila mmoja na zamu yake, au safari ambayo nahodha anakwenda bila familia kisha anawaletea cheti na picha. Hata jeshi la wanamaji la Marekani, ambalo linawazika bure wanajeshi, waliomaliza utumishi wao vizuri na familia zao, linafanya hivyo, meli ikiwa kwenye safari zake za kazi, familia kwa kawaida hawapo, af kamanda anawaandikia barua yenye tarehe, saa na mahali. Neil Armstrong aliyekuwa rubani wa jeshi hilo kabla hajafika mwezini majivu yake yalizikwa na jeshi hilo katika Atlantiki Septemba 2012, ingawa yeye familia yake ilikuwepo, toka kwenye meli ya USS Philippine Sea.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Nendeni asubuhi mapema kama nahodha anasema upepo unaamka mchana. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kama saa moja kabla, siyo ukishaanza kutapika. Viatu visivyoteleza, koti hata kama pwani kuna joto. Mzee asiyeweza kupanda boti ndogo msimlazimishe, fanyeni ibada kuu gatini, maombi na hotuba viishie pale, kule nje iwe dakika kumi tu za kushusha. Hii nashauri hata kama wote ni wazima, kwa sababu boti ikizima injini inaanza kuyumba na mtu hawezi kusoma wasifu wa kurasa tatu huku ameshikilia kamba.

Mkifika, nahodha anapunguza mwendo na kugeuza boti. Majivu yanatolewa upande wa demani, upepo ukiwa mgongoni kwenu unatoka kwenda nje, kamwe siyo upande wa joshi, yaani unakotokea upepo, maana yatawarudia usoni na kwenye nguo. Shusha mkono chini kabisa karibu na maji, usimwage ukiwa umesimama wima. Ukitumia mfuko wa kitambaa au ndoo yenye kamba ni rahisi zaidi. Mwenye kumwaga ashikwe kiunoni na mtu mwenye nguvu.

Maua yawe ya kweli, petali tu, bila waya, bila utepe, bila karatasi ya nailoni. Yanabaki yanaelea pale majivu yalipoingia, na mara nyingi nahodha anazungusha boti taratibu kuzunguka yale maua kabla ya kuondoka, kama hajui muombeni. Maputo na taa za kurusha hapana kabisa, kasa wanakula hizo takataka.

Mpeni mtu mmoja kazi ya kurekodi: saa, majira ya GPS, kina, jina la chombo, na video. Asiwe mtoto wa marehemu, huyo mwacheni alie.

Hatua ya 8: Mkisharudi

Taarifa zipelekwe ofisini ndani ya muda. Yale majira yaandikeni sehemu tatu: kwenye karatasi za familia, kwa msimamizi wa mirathi, na nyuma ya cheti cha nahodha. Francis Drake alizikwa baharini 1596 karibu na Portobelo kule Panama, ndani ya jeneza la risasi, na watu wamelitafuta mpaka leo hawajalipata. Bila namba na nyie wajukuu zenu wataonyeshwa bahari nzima.

Sasa yule aliyelia kwamba hana pa kwenda. Anaweza kupewa jiwe lenye jina kwenye makaburi ya familia au kwenye bustani ya kumbukumbu, bila mwili chini, makaburi mengi yanakubali. Kama dini inaruhusu, sehemu ya majivu inabaki na kuzikwa nchi kavu. Kuna pia miamba ya kutengeneza: Eternal Reefs ya Marekani toka 1998 inachanganya majivu na zege kutengeneza mipira yenye matundu ambayo samaki wanaishi ndani, na karibu na Miami kuna Neptune Memorial Reef iliyofunguliwa 2007, ambako ndugu anayejua kuzamia anaweza kushuka mpaka pale jina lilipo. Na ipo ile rahisi kuliko zote, kurudi kwenye namba zile zile kila mwaka kwa boti ya kukodi, mkiwa wachache. Nahodha yule yule mwambieni mapema, miezi miwili kabla, na kama safari hii kuna waliobaki gatini siku ya kwanza, wao ndo wawe wa kwanza kupanda.